Utume wa Kikristo wa Miaka Mingi kwa Mabedui wa Yordani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni kwa makanisa na watu binafsi wa Afrika Mashariki wanaofikiria kutuma mtu, au kwenda wenyewe, kuishi na jamii za Mabedui. Mfano tunaoushika ni Yordani, hasa nyika ya kaskazini-mashariki kuzunguka Mafraq, kwa kuwa kazi ya namna hii imekuwapo huko kwa miaka mingi na makosa yake yanajulikana. Sinai, Syria, Saudi Arabia na Negev zina sheria na makabila yake, kwa hiyo usilichukue kila jibu hapa ukalihamishia kule.

Mabedui ni nani, na je, bado wanahamahama?

Ni Waarabu wa asili ya ufugaji wa ngamia, kondoo na mbuzi, na mtu hujitambulisha kwa kabila kabla ya kutaja kijiji: Bani Sakhr, Huwaytat, Ruwala, Sirhan, Sardiyya, Bani Khalid, na jamii ndogo kama Bdul wa Petra na Zalabia wa Wadi Rum. Jina lao latokana na *badia*, nyika kame inayopata chini ya milimita 200 za mvua kwa mwaka. Nyika hiyo ni karibu asilimia 80 ya nchi ya Yordani.

Wanaohama mwaka mzima ni wachache. Familia nyingi zina nyumba ya matofali, hema pembeni yake, pikapu na tangi la maji la kuvuta. Tangu Doria ya Jangwani (kikosi cha askari Mabedui) ilipoundwa mwaka 1931, jeshi limekuwa ajira kubwa ya vijana wao, na mshahara wa jeshi ndio unaonunua chakula cha mifugo mvua ikikosekana. Anayewatafuta Mabedui wa kwenye kalenda atawapita walio mbele yake: askari mstaafu mwenye kondoo wachache, na binti anayesoma chuo kikuu ambaye hurudi kwao Alhamisi jioni.

Kwao Ukristo ni dini ya wageni?

Hapana, na ni vizuri ulijue hili kabla hujafungua mdomo. Mashariki ya Mafraq kuna Umm al-Jimal, mji wa mawe meusi ya volkano wenye magofu ya makanisa yapatayo 15. UNESCO iliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024. Ghassani, Waarabu waliotawala mipaka hiyo kwa niaba ya Bizanti (dola ya Kirumi ya mashariki), walikuwa Wakristo. Yapo makabila ya Kikristo hadi leo: Azizat na wenzao waliondoka Karak wakaenda kuijenga upya Madaba karibu mwaka 1880, na ukoo wao, mashairi yao na kahawa yao ni vya Kibedui kabisa.

Kule Sinai, Mabedui Waislamu wa kabila la Jebeliya wameishi na watawa wa Mtakatifu Katerina tangu karne ya 6, Kaisari Justiniani alipowaweka mababu zao kuihudumia na kuilinda monasteri. Ndani ya kuta hizo upo pia msikiti. Ujirani wa miaka zaidi ya 1,400 ndio kipimo cha neno "muda mrefu" mahali hapa. Ukifika na kipindi cha miaka miwili, wenyeji watakupokea vizuri na kukusahau vizuri.

Sheria ya Yordani inaruhusu nini?

Mkristo ana uhuru wa kuabudu, na makanisa yanayotambuliwa yana mahakama zake za ndoa na mirathi. Kumshawishi Mwislamu abadili dini hakuruhusiwi, na mgeni anayefanya hivyo anaweza kunyimwa kibali cha ukaazi au kuondolewa nchini. Mzigo mkubwa zaidi humwangukia mwenyeji. Serikali haitambui kutoka katika Uislamu. Mashtaka ya kuritadi yakifika mahakama ya sharia, ndoa inaweza kuvunjwa, mirathi ikapotea, na watoto wakachukuliwa.

Kwa hiyo kazi inayoelezwa hapa ni ya huduma ya wazi inayofanywa na Wakristo wanaojulikana kuwa Wakristo: tiba, uuguzi, elimu, mifugo, maji. Usijifanye mfanyabiashara ikiwa huna biashara. Kampuni ya jina tu hugunduliwa haraka, kwa kuwa majirani huona kwamba hakuna bidhaa inayoingia wala kutoka. Mtu aliyedanganya kuhusu riziki yake hataaminiwa anapozungumzia mambo ya Mungu. Sababu ya kukaa iwe ya kweli: mkataba wa kazi, cheti kilichothibitishwa, kibali cha ukaazi (*iqama*) kinachohuishwa kwa wakati. Maombi ya kibali huambatana na uchunguzi wa afya, ukiwamo wa VVU na kifua kikuu. Taaluma za tiba zinahitaji leseni ya nchi hiyo, hivyo daktari au muuguzi aanze kuthibitisha vyeti kabla hajauza samani zake nyumbani.

"Muda mrefu" ni miaka mingapi?

Panga kumi. Miwili ya kwanza ni ya lugha na kujifunza kukaa. Wa tatu hadi wa tano ni wa kufanya kazi chini ya wenyeji na waliokutangulia, na kukosea mbele yao. Baada ya hapo ndipo watu huanza kukuletea mambo mazito: ugomvi wa ndugu, ndoa inayovunjika, hofu ya kifo. Sababu yake ni rahisi. Bedui hukupima kwa mambo aliyoyaona mwenyewe, na baadhi yake hayatokei kila mwaka: ukame, msiba, harusi ya mtoto aliyezaliwa ukiwapo.

Hospitali ya Annoor pale Mafraq ilianzishwa mwaka 1965 na wanawake wawili, daktari Mmarekani Eleanor Soltau na muuguzi Mwaustralia Aileen Coleman, kwa ajili ya Mabedui wenye magonjwa ya kifua. Wote wawili waliyatoa maisha yao yote ya kazi kwa watu hao. Mgonjwa anayeletwa leo huenda babu yake alilazwa hapo hapo, naye anaingia akiwa na imani ambayo hakuna kipeperushi kingeweza kuijenga.

Kiswahili kitanisaidia katika Kiarabu?

Kitakusaidia kuliko unavyodhani, kisha kitakutega.

Taasisi inayowafundisha wanadiplomasia wa Marekani hukadiria saa 2,200 za darasani kwa Kiarabu. Mswahili anaanza akiwa na mamia ya maneno mdomoni: *kitab, sabr, rizq, baraka, dawa, waqt, miskin, qabila*. Akisikia mzee anasema *injil* au *nabi* hahitaji mkalimani. Mitego ni ile ile ya ndugu waliotengana zamani. *Rakhis* ni kitu cha bei ya chini, au mtu asiye na heshima, hivyo ukimwambia fundi kwamba kazi yake ni "rahisi" kwa maana yetu umemtukana. *Hamm* ni huzuni na wasiwasi, haina uhusiano na hamu ya kula. *Hasra* ni majuto, wala si hasira.

Sauti ndizo kazi kubwa. Ulimi wetu umezilainisha *'ayn*, *ha* nzito, *kha*, *qaf* na zile herufi nne nene (*sad, dad, ta, dha*). *Qalb* ni moyo, *kalb* ni mbwa. Ukiomba ukasema "Mungu auguse mbwa wako", mgonjwa atanyamaza kwa adabu. Halafu vitabu hufundisha *fusha* (Kiarabu sanifu), ilhali Bedui hutamka *qaf* kama *ga*: kahawa ni *gahwa*, moyo ni *galb*. Kaskazini, *kaf* ya baadhi ya maneno hugeuka *cha*.

Utaratibu unaofaa ni huu: miezi 12 mjini kwa saa nne za darasa kila siku na alfabeti yote, kisha miezi 12 nyikani kwa saa mbili za mwalimu na siku iliyobaki katika ziara. Rekodi (kwa ruhusa) hadithi moja ya mzee yenye dakika tatu kwa wiki, uisikilize hadi uweze kuirudia. Anayeruka mwaka wa mjini hubaki bila kusoma hata risiti. Anayeruka wa nyikani huongea kama redio ya taifa, na bibi vizee humjibu "ndiyo" bila kumwelewa.

Jifunze mashairi. Ushairi wa *nabati* (mashairi ya lahaja ya Kibedui) kwao una cheo kile kile tulichowapa utenzi na shairi kwenye mwambao wetu: ni kumbukumbu, hoja na heshima kwa pamoja. Ndiyo maana pia Biblia ya Kiarabu ya Van Dyck, iliyokamilika mwaka 1865, ni nzuri mno masikioni mwao lakini nzito kwa asiyesoma. Kisa cha Yusufu au cha mwana mpotevu kikisimuliwa kwa mdomo, kwa lahaja yao, husikilizwa hadi mwisho. Wao humwita Yesu *Isa*, Wakristo Waarabu husema *Yasu'*, na inafaa ujue kwa nini unatumia lipi unapozungumza na nani.

Nikialikwa hemani nifanye nini?

Hema la singa za mbuzi (*bayt ash-sha'ar*) lina sehemu mbili: upande wa wageni na wanaume, na upande wa familia. Simamisha gari mbali kidogo, ufike kwa upande wa wageni, ukitoa salamu kwa sauti. Usizunguke nyuma ya hema. Vua viatu kabla ya zulia, toa salamu kuanzia kulia, keti unapoonyeshwa, na usinyooshe nyayo kuelekea mtu.

Kahawa ni chungu, ina iliki, na humiminwa kidogo sana kutoka kwenye dele. Pokea kwa mkono wa kulia. Wao husema kikombe cha kwanza ni cha ugeni, cha pili cha furaha, cha tatu cha upanga. Ukitosheka, kitikise kikombe kidogo unapokirudisha. Usipokitikisa utamiminiwa tena. Jambo ambalo wageni hulikosea vibaya: mtu akikiweka kikombe chini bila kunywa, maana yake amekuja na ombi, na mwenyeji lazima aulize ombi gani. Akimwambia "kunywa kahawa yako" amekwisha kulikubali. Ukikiweka chini kwa sababu tu ni cha moto, umeisimamisha baraza nzima.

Sisi tuna msemo kwamba mgeni siku ya tatu mpe jembe. Wao humhifadhi mgeni siku tatu na theluthi bila kumuuliza shida yake, na hawampi jembe. Lakini mwenye adabu hujua kuwa mwenyeji amechinja mnyama asiyeweza kumpoteza mara mbili kwa mwezi. Ukialikwa *mansaf*, yaani kondoo, wali na mchuzi wa *jamid* (mtindi uliokaushwa), kula kwa mkono wa kulia upande wako wa sinia, na kubali nyama unayorushiwa. Kisha usirudi kimakusudi wakati wa chakula. Njoo saa tano asubuhi na kilo moja ya sukari na majani ya chai.

Usiulize idadi ya mifugo. Usimsifu mtoto bila *mashallah*. Usisifie sana kitu, maana kitawekwa kwenye gari lako. Mwite baba kwa jina la mwanawe wa kwanza, Abu fulani, na mama Umm fulani. Mwanamume asiulize jina la mke wa mtu.

Kwa nini kifua kikuu hutajwa sana katika kazi hii?

Kwa sababu ni ugonjwa unaohitaji kitu kile kile ambacho utume huu unadai: uvumilivu wa miezi. Familia ya watu tisa hulala pamoja katika hema lililofungwa wakati wa baridi (na baridi ya Mafraq mwezi Januari huumiza), moshi umejaa, mmoja anakohoa. Vimelea husambaa kwa hewa.

Tiba ya kawaida huchukua miezi sita: miwili ya dawa nne (rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli), kisha minne ya rifampisini na isoniazidi. Kwa kidonge cha mchanganyiko, mtu wa kilo 40 hadi 54 kwa kawaida humeza vidonge 3 kwa siku, wa kilo 55 hadi 70 humeza 4. Daktari ndiye anayeamua. Makohozi hupimwa mwanzoni, mwishoni mwa mwezi wa pili, na mwishoni mwa tiba.

Kinachoharibika kiko karibu na wiki ya sita. Homa imekwisha, mgonjwa amenenepa, malisho yameota upande mwingine, anahama na kuacha dawa. Anarudi baada ya mwaka akiwa na vimelea sugu, na tayari amewaambukiza wapwa zake. Kabla ya kidonge cha kwanza, andika mambo manne: namba ya simu yake na ya kaka yake, mahali pao pa kipupwe, mahali pao pa kiangazi, na jina la mwenye kisima wanachotumia. Namba ya simu peke yake haitoshi, laini hubadilishwa.

Mwambie mapema kwamba mkojo utakuwa wa rangi ya machungwa. Asiyeambiwa hudhani anakojoa damu, hutupa dawa siku ya pili. Mwambie aseme mara moja macho yakififia au yakiwa ya njano. Panga Ramadhani mapema: sharia inamruhusu mgonjwa kula, lakini wengi wataona aibu, basi dawa ya mara moja kwa siku ihamishiwe usiku, kwa ratiba ya daktari, kabla ya mwezi kuandama. Na ndugu wote wa hema moja wachunguzwe. Watoto wa chini ya miaka 5 walio wazima hupewa dawa ya kinga.

Haya yote hufanywa pamoja na mpango wa taifa wa kifua kikuu. Zahanati inayoficha wagonjwa wake ili iwe na takwimu zake yenyewe inawadhuru watu.

Na homa zinazoletwa na mifugo?

Bruselosi. Hutoka kwenye maziwa mabichi ya mbuzi na kondoo, jibini changa, na mikono inayozalisha mnyama bila glovu. Jasho la usiku, uchovu, mgongo, kukonda: dalili zinafanana mno na kifua kikuu, na hapo ndipo kosa kubwa hutokea. Tiba ya bruselosi mara nyingi ni doksisiklini pamoja na rifampisini kwa wiki sita. Ukimpa rifampisini mtu ambaye kumbe ana kifua kikuu, unavifundisha vimelea kuishinda dawa muhimu kuliko zote. Pima makohozi na piga picha ya kifua kwanza, kila mara.

Kwa kinga, chemsha maziwa hadi yapande. Wakina mama watasema ladha inaharibika, na ni kweli. Usibishane, chemsha ya chai ya watoto kwanza, kisha ongea na daktari wa mifugo wa serikali kuhusu chanjo ya mbuzi.

Je, tugawe chakula au dawa kwa wanaokubali kusikiliza Neno?

Hapana kabisa. Msaada usiwe na sharti, na usije kabla au baada ya mahubiri kiasi cha kufanana na malipo. Mwenye njaa atasema lolote unalotaka, nawe utakuwa umemnunua na kumdhalilisha mbele ya kabila lake. Mgonjwa aliyelala kitandani hawezi kuinuka na kuondoka, kwa hiyo ukitaka kumwombea, muulize kwanza. Akisema hapana, endelea kumhudumia kwa uso ule ule. Wengi watasema ndiyo kwa furaha, kwa kuwa maombi si jambo geni kwao.

Na mikopo? Utaombwa. Weka kanuni moja kwa timu nzima, mtu wa tatu awe ndiye mwenye uamuzi, na ukitoa fedha itoe kama zawadi. Deni lisilolipwa hukufungia mlango wa hema, maana mdaiwa ataona haya kukutana nawe.

Nikimgonga mtu kwa gari?

Hili huulizwa kwa nadra, lakini limewahi kumaliza kazi za miaka. Mbali na polisi na bima, jambo hilo linaingia katika sheria ya kabila. Upande wa dereva hutafuta *atwa*, yaani mapatano ya kusitisha kisasi kwa muda. Kisha hutumwa *jaha*, ujumbe wa wazee wenye heshima, kuomba suluhu, na dia (fidia ya damu) huzungumzwa. Polisi mara nyingi humweka dereva ndani kwa usalama wake mwenyewe.

Mgeni hana kabila, na hiyo ndiyo hatari. Katika mwaka wako wa kwanza, mwajiri wako amtambue mzee au jirani atakayesimama badala ya ukoo wako. Ajali ikitokea: piga simu polisi na gari la wagonjwa, mpigie mzee huyo, ukae unapoambiwa. Usiende mwenyewe msibani kuomba radhi, hata moyo ukuume namna gani; kwenda kabla ya *atwa* ni kuwachokoza wafiwa. Na usimlipe mtu yeyote fedha pembeni.

Mwanamke anaweza kufanya kazi hii?

Kuna nusu ya hema ambayo mwanamume hataingia kamwe. Muuguzi, mkunga au mwalimu mwanamke huketi huko, na akiwa mtu mzima mwenye taaluma hualikwa pia upande wa wanaume. Gharama anayolipa ni upweke: asiyeolewa ataulizwa kila juma kwa nini, na ni bora aishi na mwenzake, mahali panapoonekana na majirani. Mavazi yawe marefu na mapana. Mwanamume asipande gari peke yake na mwanamke asiye wa nyumbani kwake, hata kumpeleka hospitali. Ndugu yake apande pia.

Mwafrika mweusi atapokewaje?

Kwa ukarimu, na wakati mwingine kwa neno linalochoma. *'Abd*, mtumwa, bado hutamkwa na baadhi ya watu kumwita mtu mweusi, mara nyingine bila nia mbaya. Kumbukumbu ya biashara ya utumwa inaunganisha pwani yetu na Uarabuni, na hata historia ya misheni imo humo: mwaka 1896, wavulana 18 waliookolewa kutoka kwenye majahazi ya watumwa walikabidhiwa kwa mmishonari Peter Zwemer kule Muscat awalee na kuwasomesha.

Jibu linalofaa ni tulivu: "Sisi sote ni *'abid* wa Mungu, mimi jina langu ni fulani." Lisemwe mara moja, mbele ya watu. Pia jiandae kudhaniwa mfanyakazi wa nyumbani, kwa kuwa wanawake wengi wa Kenya na Uganda wapo Yordani kwa kazi hiyo chini ya mfumo wa mdhamini. Timu ijue namba za ubalozi na za mawakili wa wafanyakazi, maana dada hao watakuja kanisani na shida zao, na kuwasaidia ni sehemu ya utume.

Faida pia ipo. Mfugaji wa Kimasai, Kisamburu au Kiborana akikaa na Bedui, mazungumzo ya kondoo, kisima na mvua huanza papo hapo. Hakuna shule ya umisheni inayoweza kumfundisha mtu hilo.

Mtu akiniuliza kuhusu imani yangu?

Mjibu kwa ukweli na kwa kipimo cha swali lake. Ukiulizwa kwa nini hufungi Ramadhani, eleza unavyofunga wewe. Usishindane kuhusu Mtume wala Qur'ani. Mbali na sheria, ni kumvunjia mwenyeji heshima chini ya paa lake. Usile wala kuvuta hadharani mchana wa Ramadhani.

Akija kwa siri akisema anataka kumfuata Kristo, usikimbilie. Usimpige picha, usiandike jina lake katika barua ya maombi, usitaje kabila lake kwa kanisa lililokutuma. Hakikisha anajua linaloweza kuipata ndoa yake na watoto wake. Uamuzi na mwendo ni vyake, na wanaofaa kumshauri ni Wakristo Waarabu wenye hekima. Wewe una tiketi ya kurudi kwenu, yeye hana.

Gari na jangwa: mambo gani huua?

Maji, kwanza kabisa. Usipige kambi ndani ya wadi (bonde la mto mkavu) hata mbingu zikiwa safi, kwa kuwa mvua ya mbali hushuka ghafla. Mwezi Aprili 1963 mafuriko ya namna hiyo katika korongo la Siq kule Petra yaliua zaidi ya watu 20 kutoka Ufaransa. Pili, mkaa: jiko likiingizwa ndani ya hema lililofungwa usiku, gesi yake haina harufu na hakuna atakayeamka. Tatu, kutoka peke yako.

Chukua lita 5 za maji kwa kila mtu kwa siku, na akiba ya siku mbili juu yake. Matairi mawili ya akiba, kwani mawe ya volkano hukata ubavu wa tairi. Pampu, jeki na ubao wa kuweka chini ya jeki. Kwenye mchanga punguza upepo hadi karibu psi 15 hadi 18, na ujaze tena kabla ya lami. Gari likikwama, baki nalo. Mtu huonekana kwa shida, gari huonekana.

Kanisa linalotuma lipange nini?

Mchango wa kila mwezi usiotegemea taarifa za kusisimua. Miaka miwili ya lugha haina picha za kuonyesha, na makanisa mengi hukatia hapo. Tengeni ada ya masomo, ada za vibali, bima ya afya, gari linalovuta magurudumu yote manne, safari ya nyumbani kila baada ya miaka miwili au mitatu, na akiba ya dharura inayotosha tiketi za familia nzima pamoja na miezi mitatu ya matumizi. Mchungaji mmoja awe na jukumu la kumpigia simu kila juma, amuulize hali yake kabla ya kazi. Barua na mitandao isitaje majina, kabila wala kijiji.

Watoto watasoma wapi?

Shule za Kiingereza ziko Amman, nazo ni ghali. Wanaoishi Mafraq au vijijini hufundisha nyumbani, au hupeleka watoto shule ya Kiarabu miaka ya mwanzo. Amueni kabla mkubwa hajafika darasa la nne, kwa sababu baada ya hapo kuhama mtaala huwa kugumu.

Wakati wa kuondoka ukifika?

Usitoroke. Mgeni anayeondoka bila kuaga huacha swali kwa kabila zima: alikasirishwa na nani? Anza miezi sita kabla. Mtambulishe atakayechukua nafasi yako, hema kwa hema, naye anywe kahawa nawe. Lipa kila deni, hata la dukani. Kabidhi daftari la wagonjwa wenye tiba inayoendelea kwa mtu anayewajua kwa sura. Ziara ya mwisho iwe kwa mzee aliyesimama badala ya ukoo wako. Siku hiyo ukiweka kikombe chini bila kunywa, atajua una ombi. Mwombe akusamehe ulipomkosea bila kujua, na usubiri akuambie unywe.